Mugomba Uliozikwa Mahali pa Stanislas

Sehemu ya tisa

Mlimwacha Eulalie amelala kifudifudi juu ya maji ya Kivu, miwani usoni, mrija wa kupumulia mdomoni, akitazama miguu miwili ya mwanamume iliyosimama kwenye mchanga mbele yake. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Juu ya kifundo palikuwa na kovu la moto, refu na jeupe.

Kovu hilo alilijua. Alikuwa amelipaka mawese kwa vidole vyake mwenyewe, kila jioni, mwaka ule bomba la motere lilipomchoma mume wake.

Na mume wake, Stanislas, alikuwa amezikwa miaka mitatu iliyopita.

Eulalie hakutaka kuinua kichwa. Alifikiri kwamba akiendelea kutazama chini, miguu ile itakuwa ya mtu mwingine, mchunga mbuzi fulani wa Idjwi, na yeye atarudi kwenye kazi yake. Samaki wadogo walipita kati ya miguu bila habari. Kisha kidole gumba kikajikunja mchangani, kama kilivyozoea kujikunja kitandani asubuhi za baridi.

Akainua kichwa.

Miwani ilikuwa na ukungu. Aliona ndevu, shati lililochanika, ndoo ya njano. Akaivuta miwani mpaka kwenye paji. Mwanamume alikwisha kumwona. Ndoo ilimponyoka ikaanza kuelea.

Hakumwita kwa jina. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea misa ikiendelea:

"Usiniguse."

Akageuka, akapanda mawe kwa mikono na miguu, akapotea kwenye mikaratusi.

Eulalie angemfuata pale pale, lakini nyuma yake kulikuwa na wageni ndani ya maji. Yeye ndiye kiongozi wa kayaki wa La Sereine, boti ndogo nyeupe inayoondoka Bukavu Ijumaa na kurudi Jumapili, kayaki zimefungwa juu ya paa, na kiongozi hatoki majini kabla ya mgeni wa mwisho. Alimwita Francine, muuguzi aliyezaliwa Kadutu akakulia Liège, ambaye kati ya wageni wote ndiye aliyeogelea bila kupiga kelele. Akamwomba awakusanye wenzake awarudishe kwenye boti.

Francine aliuliza kuna nini.

"Nimeona mutu."

"Mutu gani?"

"Wa kwetu."

Tonton Steve, mfanyabiashara wa Kinshasa aliyekuja na jile mbili za kuokolea na kuzivaa zote mbili, moja juu ya nyingine, aliuliza kwa mbali kama ni mamba. Wakamwambia Kivu haina mamba. Akajibu kwamba hata mamba wenyewe hawakuulizwa, akaanza kupiga maji kuelekea boti kwa haraka ambayo hakuna aliyeijua kwake.

Eulalie alivuta kayaki ya watu wawili iliyoegeshwa mchangani, akaingia, akapiga kasia kuzunguka kisiwa. Kasia liligonga mawe, likagonga ubavu wa kayaki, likamrushia maji machoni. Ni kisiwa kidogo kisicho na kitu isipokuwa mbuzi ambao watu wa Idjwi, kisiwa kikubwa cha jirani, huwaweka huko wasile mashamba ya majirani. Boti ilikuwa inasimama pale kila safari kwa sababu maji yake ni safi mpaka chini. Ni safari ngapi alizopita hapo, yeye juu na kasia, yule mtu nyuma ya mawe amejificha?

Wakati anazunguka, tukumbushane kwa ufupi.

Stanislas alikuwa mekanisye, fundi wa motere, kwenye boti ya mizigo iliyopinduka katikati ya ziwa, usiku wa upepo. Wengine waliokotwa, wazima au maiti. Yeye hapana. Kivu lina kina kirefu, na kuna ambao haliwarudishi. Familia ilingoja mvua zikaisha, ndipo ikafanya kinachofanywa kwao, kwenye kilima chao huko Kabare. Mjane alichagua mgomba mmoja katika shamba la mume wake, akaukata kwa panga la mume wake. Ukaoshwa, ukavishwa shati, ukafungwa kitambaa, ukawekwa ndani ya sanduku na kuliliwa kama mtu. Padri alibariki nyumba na waliokuwemo. Sanduku lilipopita mbele yake alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye kiatu chake.

Baada ya hapo Eulalie aliweza kuvaa rangi tena. Mwaka ukapita, wakaondoa kilio. Na mwezi ujao alikuwa afunge ndoa na Delphin, mdogo wa marehemu, ambaye ni kapiteni wa La Sereine na ambaye, saa hii, alikuwa juu kwenye usukani na darubini mkononi.

Stanislas alikuwa upande wa pili wa kisiwa, anafunga mzigo wake kwa kamba. Kipande cha mtumbwi kilichozibwa kwa nguo na lami kilimngoja majini. Alikuwa anakimbia.

"Stani."

"Simama pale pale. Usivuke ile jiwe."

"Uko muzima."

"Mi niko mutu wa kaburi." Hakugeuka. Kamba ilimshinda, fundo likafunguka tena. "Ni weye ulikata mugomba?"

"Ni miye."

"Ulikata gani?"

Lilikuwa swali la ajabu, lakini alilijibu kama linavyojibiwa swali la kawaida.

"Ile ya pembeni ya jiko. Ile ulipandaka wakati Lucie alizaliwa."

Stanislas akakaa chini juu ya mzigo wake. Mbuzi mmoja alikuja akaanza kutafuna kamba ya jile la Eulalie, na hakuna aliyemfukuza.

Akasimulia vipande vipande, bila kumtazama. Jinsi alivyoshika bidoni, dumu tupu la plastiki, usiku mzima mpaka mawimbi yakamtupa upande wa pili wa Idjwi. Jinsi homa ilivyomwondolea akili, akawa hajui jina lake, na mwenye mbuzi akamlisha kama mmoja wa mbuzi. Akili iliporudi mvua zilikuwa zimekwisha. Akavuka ziwa, akapanda Kabare siku ya soko, moyo unamruka. Chini ya kilima alikutana na mtu aliyemjua. Mtu huyo alimshika mkono, akamtoa barabarani, akamficha kwenye majani ya tembo, akamwambia: umekwisha kuzikwa.

Akamwambia na lingine. Aliyezikwa akiingia mzima katika lupango lake, ua wa nyumba yake, kaburi halibaki bure. Linachukua wa damu yake aliye karibu zaidi na ardhi. Mdogo kuliko wote, yaani binti yao.

"Nilimuona ile siku," Stanislas alisema. "Lucie. Alikuwa na kabidoni kadogo ka maji kichwani, anaimba. Njo maana nilirudi huku."

Eulalie hakulia. Hasira haikumpa nafasi ya kulia.

Kwa sababu kila mtu wa kilima kile anajua kwamba kuna njia. Mkono uliokata mgomba ndio unaoufukua, jua likiwa juu, na kuutupa kwenye bwawa. Mwenye kuzikwa anaingizwa nyumbani kwa mlango wa nyuma, anaoshwa kama mtoto mchanga, anapewa maziwa. Ilifanyika kwa mtu aliyepotea kwenye machimbo ya dhahabu ya Shabunda akarudi na kukuta msalaba wake. Leo anaimba bezi kwenye kwaya, na anaimba vibaya.

"Weye unajua kama bana-fukuaka," alisema. "Juu ya nini haukuita mutu aniambie nifukue?"

"Niliomba." Sasa alimtazama, kwa mara ya kwanza. "Niliomba, Eulalie. Alipanda juu kukuuliza, mi nikabakia mu majani. Akarudi. Akasema ulikataa."

"Nani alisema nilikataa?"

"Akasema uko bibi yake sasa. Kama miye nikitokea, utakuwa bibi wa batu wawili, na hautaki haya."

"Stani. Nani?"

Stanislas alivuta pumzi.

"Delphin. Alikuwa analia akinambia."

Pembe ya La Sereine ikalia, mara moja, ndefu. Mbuzi wakatawanyika.

Eulalie aliona mambo mengi kwa wakati mmoja, kama mtu anayefunguliwa dirisha usoni. Delphin akileta mchele. Delphin akimlipia Lucie shule. Delphin akisema si lazima, tunaweza kungoja, miye sina haraka. Kila Jumapili boti ikisimama kwenye kisiwa hiki, na Delphin hata mara moja hajatia mguu majini. Alisema hapendi baridi.

"Panda mu kayaki," alisema.

"Hapana."

"Jua ingali juu. Saa kumi tuko Bukavu, pikipiki inatufikisha Kabare, nitafukua leo. Kwa hii mikono."

"Na kama njiani jua inaanguka? Na kama ulikosa kitu, kama haukukata muzuri? Ni Lucie, Eulalie. Si miye. Miye nilizoea hapa."

"Ulizoea kuishi na mbuzi?"

"Hawasemake mingi."

Ilikuwa sauti yake ile ile, ile ya kuchekesha watu pale pasipo cha kuchekesha, na ilimchoma Eulalie kuliko kovu. Alimwambia kwamba Lucie ana meno mawili yaliyong'oka mbele. Kwamba siku hizi wanaishi wote wawili Bukavu, kwa maman Cibalonza, nyanya yake mzaa mama. Kwamba amefundishwa kuomba kwa ajili ya roho ya baba yake na kwamba, siku moja, aliuliza kama roho inavaa viatu namba gani.

Stanislas akajifuta uso kwa shati. Kisha akavuka lile jiwe.

Stanislas alikaa mbele, Eulalie nyuma. Walipiga kasia bila kupatana, mmoja kulia, mwingine kulia, kayaki ikazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, mpaka Eulalie akamwambia aache, apumzike tu, na yeye akaacha. Mgongo wake ulikuwa mifupa. Eulalie alipiga kasia akiutazama, akiogopa kwamba akipepesa macho utakuwa umekwenda.

Boti ilikuwa imekwisha kuzunguka kisiwa. Ilikuja taratibu, motere ikinong'ona. Wageni walikuwa wamesimama kando ya reli, wamejifunga taulo. Tonton Steve alikuwa ameinua simu yake apige picha. Francine, ambaye hakuelewa kitu lakini alikuwa na macho, aliishusha simu ile kwa mkono wake.

Motere ikazimwa.

Delphin alishuka kutoka kwenye usukani. Eulalie alimngoja akane, akimbie, aseme huyu mtu ni mwizi wa mbuzi. Alikuwa amelishika kasia kwa namna ambayo wengi wenu mngependa alitumie. Lakini Delphin alikuja mpaka kwenye ngazi ya nyuma, pale wageni wanaposhukia majini, akapiga magoti kwenye mbao zenye maji.

"Yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa.

Stanislas alishika ngazi. Hakupanda.

"Ulinambia bibi yangu alikataa."

"Ndiyo, yaya."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

Francine aliwageuza wageni mabega, mmoja mmoja, akawapeleka mbele ya boti. Tonton Steve alikwenda kinyumenyume.

"Nilimutaka," Delphin alisema. "Siifichi. Toka siku ulimuleta nyumbani nilimutaka. Unipige, una haki. Lakini haikuwa hiyo tu. Kama ingekuwa hiyo tu, ningekufa na haya, lakini ningemwita aje afukue."

"Iko nini ingine?" Eulalie aliuliza.

"Haiwezekane kufukua."

"Nitafukua leo."

"Eulalie, sikiliza. Mu ile kaburi hakuna tena mugomba."

Maji yalipiga ubavu wa boti. Kayaki ilivutwa nyuma, na Stanislas akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Delphin aliisema yote akiwa bado amepiga magoti, haraka, kama mtu anayetapika. Siku chache baada ya mazishi, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, walimletea maiti ndani ya wavu. Uso haukuwa tena uso. Lakini maiti ilikuwa imevaa koti la njano la mekanisye, na mgongoni kulikuwa na jina la Stanislas kwa rangi nyeusi. Alimwita mama yao, maman Godelive. Wafanye nini? Mtu haliliwi mara mbili. Kilio kimekwisha, watu wamekula, wamekwenda, padri amepita. Kupigia kelele maiti ya pili ya mtu yule yule ni kuita ya tatu. Basi alfajiri, wawili tu, walifungua kaburi, wakatoa mgomba, wakamweka mtu. Mama alimfunika kwa kitambaa chake cha ndoa.

"Tulisema ni weye, yaya. Tulifurahi hata. Tulisema ziwa imekurudisha." Aliinua uso kumtazama kaka yake. "Kisha siku ya soko nikakuona unapanda kilima na miguu yako. Nikawaza: basi ule tulizika ni nani? Nikaogopa. Nikakudanganya kwanza juu ya woga, ile ya kumutaka ikakuja nyuma. Eulalie akifukua atakuta mutu, na batu watasema tuliua. Mama yetu atasemwa aliua."

Eulalie alikuwa akitazama maji. Mchanga ulionekana chini, na kivuli cha kayaki juu ya mchanga, na vivuli viwili vya watu ndani ya kivuli.

Kila Toussaint, Sikukuu ya Watakatifu Wote, alikuwa akipeleka maua pale kaburini. Alikuwa akipiga deki ile saruji kwa mikono yake. Alikuwa akiongea na aliyemo.

"Stani," alisema. "Koti ulimupa nani?"

Bega la kushoto la Stanislas lilianza kuruka peke yake.

"Ulikuwa na koti mwilini wakati boti inapinduka?"

"Hapana."

"Ulimupa nani?"

"Nilizani alifika," Stanislas alisema. "Alikuwa anajua kuogelea kunipita. Delphin alinambia ile siku kwenu wote wako wazima, sikuuliza tena. Nilizani alifika kitambo."

"Stanislas."

"Aliniomba nimufiche kwa motere mpaka Goma. Hakuwa na tiketi, hakutaka mama yenu ajue kama anaenda Goma, alikuwa na mambo ya binti kule. Aliambia nyumbani anaenda kuchimba Luhwindja. Usiku ikawa baridi. Nikamuvalisha koti yangu."

Eulalie aliweka kasia juu ya magoti.

"Elysée," alisema Stanislas.

Elysée, mdogo wake Eulalie, kitinda mimba wa mama yao. Elysée aliyekwenda kwenye dhahabu ya Luhwindja na hajapiga simu hata siku moja, na nyumbani wote wamekubaliana kwamba huko reso ya simu ni mbaya. Mama yao, maman Cibalonza, anawaeleza hivyo hata wasiouliza. Milima, anasema. Milima ya kule inazuia.

Mbele ya boti tonton Steve aliuliza kama wataondoka au watalala pale, na Francine akamwambia: nyamaza, papa, kwa heshima.

Delphin aliweka paji la uso kwenye mbao. Hakujua. Hilo Eulalie aliliona wazi, na halikumsaidia kitu. Mume wake alikuwa mbele yake, joto la mgongo wake linamfikia magotini. Ili amrudishe nyumbani, ili Lucie awe na baba na kaburi lisibaki na jina la mtu aliye hai, ilimlazimu ashike jembe leo, jua likiwa juu, amtoe mdogo wake.

Na kufukua hakungewezekana bila kumwambia mtu mmoja kwanza.

Alishika ngazi, akapanda mbele ya Stanislas, akapita juu ya mgongo wa Delphin bila kumgusa. Akampa Stanislas mkono, akamvuta. Alikuwa mwepesi. Akamketisha kwenye benchi wanapovalia wageni, akamfunika taulo, akamwambia Delphin ainuke awashe motere, Bukavu, bila kusimama.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa yake, ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari ili isilowe. Jina lilionekana kupitia plastiki.

Maman Cibalonza hupiga kila Jumapili wakati huu, ajue kama aweke maji ya bugali jikoni.

Eulalie aliutazama mfuko ukitetemeka kwenye msumari. Stanislas akainuka nusu, akanyoosha mkono, kama anayetaka kumtolea ule mzigo. Eulalie akatikisa kichwa. Akafungua mfuko mwenyewe.

Mama yake alikuwa ameanza kuongea tayari. Lucie amekataa kula mpaka mama afike. Umeme umekatika toka asubuhi. Na jirani mmoja ametoka Luhwindja, amesema amesikia habari za kijana mmoja anayefanana sana na Elysée, basi yeye tangu asubuhi hata kukaa hawezi, anazunguka tu nyumba.

"Maman," Eulalie alisema.

"Eulalie? Sauti yako iko namna gani?"

"Maman, ikala kwanza."

Upande wa pili kiti kilivutwa kwenye saruji. Mtoto aliuliza karibu yake ni nani kwenye simu.

"Nimeikala," mama yake alisema. "Sema."